Maswali yenu: hipnosisi, woga wa maji, na mzee anayetaka kufaa

Barua nyingi za wiki hii zinauliza jambo lile lile: nifumbe macho vipi ili nikiyafumbua niwe mtu mwingine? Nimechagua sita.

Hii hipnosisi ya kujifanyia mwenyewe si kiinimacho? Au ni uchawi? (Kijana, Kisauni)

Swali hili naletewa kila wiki, na nawaomba msome majibu ya nyuma kabla ya kuandika. Jina hilo lilienezwa na James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, katika kitabu chake cha 1843. Alilitoa kwa Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki wa kale, kisha mwenyewe akaja kuona halifai, maana mtu hajalala. Mwili umelegea, akili imetulia juu ya jambo moja, basi. Hakuna pepo wala ubani, na hakuna anayekutawala. Hukumu ya dini kamuulize sheikh wako au mchungaji wako.

Nina miaka 41, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, na naogopa maji. Wanangu wakiogelea ufuoni Pirates mimi hubaki mchangani nimewashikia viatu. Hipnosisi itanitoa woga? (Mama, Tudor)

Dada yangu, itakupunguzia mpapatiko wa moyo. Woga wenyewe utatolewa na maji.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na jambo alilolifanya kwa mkono wake likafaulu, kuliko maneno ya kutiwa moyo au kutazama wenzake. Kwa hiyo unahitaji mafanikio madogo madogo ndani ya maji, na hipnosisi iwe maandalizi yake.

Jioni kaa kitini, si kitandani. Kazia macho nukta moja ukutani. Vuta pumzi taratibu, na kuitoa kuwe kurefu kuliko kuivuta. Macho yakiwa mazito, yafumbe. Legeza miguu, tumbo, mabega, taya. Hesabu kutoka kumi hadi moja. Sasa jione umesimama majini, yamekufika magotini: sikia ubaridi wake, mchanga chini ya nyayo, sauti za wanao. Jiambie sentensi moja fupi, "Niko majini na napumua." Usiseme "siogopi", kwani ukiitaja hofu umeialika. Kisha hesabu moja hadi tano, fumbua macho. Dakika kumi zatosha.

Halafu Jumamosi uende. Hapa ndipo wengi wanaponiangusha: wanafanya mazoezi ya kiti miezi mitatu na hawajalowa hata kidole. Jumamosi ya kwanza magotini, ya pili kiunoni, ya tatu utie uso majini ukiwa na mwalimu. Chagua siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, si za bamvua, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu ahirisha. Usiingie peke yako kamwe. Mtu aliyetulia na hajui kuogelea yuko hatarini kuliko mwoga aliyebaki mchangani, nami sitaki barua yangu iwe sababu ya msiba.

Nimepakua sauti za kubadilisha tabia. Zikicheza usiku kucha nimelala, zitafanya kazi? (Mikindani)

La. Ukishalala umelala. Na nyinyi wa tuktuk na bodaboda, msizisikilize mkiwa barabarani.

Kuna mtaalamu anataka shilingi 15,000 anirudishe utotoni kwa hipnosisi, nikumbuke jambo baya nililofanyiwa ambalo nimelisahau. Nimlipe? (Msichana, Bombolulu)

Usimlipe, mwanangu, hata akikufanyia bure. Katika hali ile mtu huweza kuona picha zilizo wazi kabisa za mambo ambayo hayakutokea, akatoka akiyaapia. Chama cha Madaktari cha Marekani kilionya tangu 1985 kwamba kumbukumbu zinazoamshwa kwa hipnosisi si za kutegemewa zaidi ya kumbukumbu za kawaida. Nimeona familia ikivunjika kwa tuhuma iliyozaliwa kwenye kikao cha namna hiyo. Kama moyo unakuuma, na nahisi unakuuma, tafuta mwanasaikolojia aliyesomea, umweleze maumivu ya leo. Hahitaji kukuchimbia kaburi la zamani ili akusaidie.

Naweza kuacha dawa za presha nikijifanyia hipnosisi kila siku? (Changamwe)

Usiache. Presha hupanda bila kukwambia. Na anayesikia sauti za watu asiowaona, au aliyewahi kuugua akili, asianze mazoezi haya kabla ya kuonana na daktari wake.

Nimestaafu kazi ya kreni bandarini. Nyumbani najiona sina faida. Ningependa kusaidia watu lakini pensheni ni ndogo. (Mzee, Likoni)

Shikamoo, mzee wangu. Nani aliyewafundisha kwamba msaada ni pesa? Ni hizi picha za mifuko ya unga kila Ramadhani, mtoaji anacheka na mpokeaji ameinamisha uso. Mambo hayo yananichoma.

Nilipofiwa na mume wangu nilijifungia ndani. Aliyenitoa ni mtoto wa jirani aliyekuja na daftari la hesabu. Zile hesabu sikuziweza. Usiku nikawa nazisoma ili asubuhi nimwelekeze, na wiki ya pili niligundua kuwa nimeanza tena kupika chakula cha maana. Mazoezi ya kufumba macho nilikuwa nayajua siku zote zile za majonzi, wala hayakuninyanyua kitandani.

Basi jifunze kitu kigeni kwako, kitakachomfaa mwingine. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha huduma ya kwanza. Uliza, uingie darasani na vijana, ukosee mbele yao. Mtaa mzima hauna mtu anayejua kuzuia damu ajali ikitokea. Na wakati ukingoja darasa, hapana shaka una jirani anayevuka feri peke yake kwenda kliniki, magoti yanamuuma. Muulize siku yake ni ipi. Mbebee faili.