Ukitazama The Witch, fuatilia kikombe

Mara ya kwanza niliitazama vibaya The Witch (yaani “Mchawi”), filamu ya kutisha. Tulikuwa watano sebuleni, taa zinawaka, simu mkononi, kila mtu anasubiri kushtuliwa. Nusu saa haijaisha, wawili walishasinzia, nami nikaifuta kwenye kompyuta.

Baadaye nikairudia usiku nikiwa na bibi yangu, mkulima tangu utotoni. Kiingereza hakijui, kwa hiyo nilikuwa namfasiria. Habari za mchawi hazikumshughulisha. Aliniuliza, “Mahindi yale yameoza, mjukuu wangu. Hao watoto watakula nini?” Hapo nikaanza kuielewa.

Ni miaka ya 1630, New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, katika makoloni ya Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali waliotoka Uingereza. William amekosana na wakubwa wa kanisa, akaihamishia familia yake ukingoni mwa msitu. Kichanga kinatoweka mbele ya dada yake mkubwa, Thomasin. Shamba linaoza, mitego haikamati kitu. Kisha mama anatafuta kikombe chake cha fedha hakioni, na lawama zinamwangukia Thomasin. Sisi tunajua baba ndiye aliyekiuza kwa siri ili apate vifaa vya kuwindia. Amekaa palepale, anasikia binti yake akisutwa, na haungami. Mbuzi mweusi wa familia hiyo anaogofya kweli, lakini mimi ukimya ule wa baba ndio ulioniganda mwilini. Bibi alisema, “Huyu mtoto wameshamuua.” Ukifika hapo, usiguse simu.

Zima taa zote. Mwongozaji Robert Eggers na mpigapicha wake, Jarin Blaschke, walitegemea sana mwanga wa jua na mishumaa, kwa hiyo chumba chenye taa kitakufichia nusu ya picha. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza unakimudu, maana sehemu kubwa ya mazungumzo imetolewa kwenye shajara na kumbukumbu za mahakama za karne ya 17. Vaa na hedifoni; muziki wa Mark Korven hausikiki vizuri kwenye spika za simu.

Na kama una mtoto mchanga nyumbani, tafadhali iache kwanza. Tukio la kichanga linakuja mapema sana. Ni fupi, wala halionyeshi mengi, lakini dada yangu aliyekuwa ametoka kujifungua alilala na taa ikiwaka wiki nzima, mkono juu ya kifua cha mwanawe.