Ushauri wa mtu wa besi kwa wanaoanza kundi la kuimba

Wadogo zangu, mimi ni mtu wa sauti ya nne. Nilitoka kwaya nikaingia kundi la vijana watano tulioimba bila chombo hata kimoja, na kundi lenyewe lilikufa kwa karatasi moja ambayo hatukuiandika. Nitaifikia.

Kabla ya yote, wasikilizeni vijana wa mitaani wa Marekani, miaka ya 1950, walioimba muziki ambao baadaye uliitwa doo-wop. Wengi hawakuwa na hela ya vyombo, basi midomo ikawa ndiyo vyombo: besi anapiga "dum-dum" kama gitaa zito, wa katikati wanaitikia, mmoja anaongoza, mwingine anapaa juu kwa sauti ya kubana. Walifanyia mazoezi kwenye kona za barabara, kwenye ngazi za majengo, hata vyooni shuleni, kwa sababu ukuta mgumu unarudisha sauti.

Nanyi jaribuni ngazi, ila mwangwi ni mwongo. Sisi tulizoea ngazi za ghorofa mpaka tukajiona malaika. Siku tulipoimba harusini, chini ya turubai, tulisikika kama watu watano wanaogombania daladala. Tangu hapo tukahamia chumba chenye magodoro na mapazia. Humo kosa halina pa kujificha.

Studio ya gharama msiisubiri. Mwaka 1956 The Five Satins walirekodi wimbo wao mkubwa katika chumba cha chini cha kanisa, mjini New Haven, na bado unapigwa.

Kuhusu nani aongoze, watazameni The Teenagers wa New York. Herman Santiago ndiye aliyekuwa akiongoza, kisha nafasi ikaenda kwa Frankie Lymon. Wimbo wao "Why Do Fools Fall in Love" ulipotoka mwaka 1956, Lymon alikuwa na miaka 13 tu. Sauti iliyofaa wimbo ndiyo iliyopewa wimbo. Na sikilizeni nani anaufungua: Sherman Garnes, mtu wa besi. (Ndiyo, navutia kwangu.)

Wimbo huohuo ndio unaonirudisha kwenye karatasi. Majina ya watunzi yalibadilishwa zaidi ya mara moja, na wakubwa wa biashara wakajipenyeza humo. Santiago na mwenzake kundini, Jimmy Merchant, walikwenda mahakamani kudai utunzi wao, wakashinda mwaka 1992. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu: walichelewa kudai, sheria iliwapa miaka 3 tu. Lymon hakuyaona hayo, alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 25.

Kwetu hapakuwa na tapeli wa nje. Mmoja alileta maneno, mwingine akaunguruma lahani tukiwa tunakula chipsi, wote tukacheka tukasema "wimbo wetu". Wimbo ulipoanza kuombwa redioni, kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake. Hatukupigana, tuliacha tu kupigiana simu.

Kwa hiyo jioni ileile wimbo unapokamilika, kabla hamjaagana, chukueni daftari. Jina la wimbo, tarehe, nani kaleta nini, mgao wa kila mmoja kwa asilimia. Wote mtie sahihi, kila mtu aondoke na picha ya ukurasa huo kwenye simu yake. Na yule aliyeleta "dum-dum" ya mwanzo mumuulize naye. Mimi mpaka leo sijaulizwa.