Kamba ya turubai inayolegea usiku

Kama kamba ya turubai lako inalegea usiku, huenda tatizo ni fundo ulilotumia kwenye mti: fundo la mizunguko miwili inayopishana (lile la kufungia mbuzi) halifai kwa turubai la kambi. Upepo unavuta na kuachia, fundo linajizungusha kwenye mti kidogo kidogo mpaka mkia (ncha huru ya kamba) unatoka. Kamba ya plastiki ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa inateleza.

Upande wa mti: zungusha kamba mara mbili kamili, kisha pitisha mkia juu ya kamba iliyokaza, uuchomoze ndani ya kitanzi, uvute. Rudia mara moja, kwa mwelekeo uleule. Ile mizunguko ndiyo inayobeba mzigo. Mkia ubaki sentimita 15 hivi.

Upande wa kigingi, tengeneza kitanzi katikati ya kamba, kama nusu mita juu ya kigingi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mkunjo (sehemu ya kamba iliyokunjwa mara mbili) unaouchomoza kufanya kitanzi uwe umetoka upande wa mkia, siyo upande wa turubai, la sivyo kitanzi kitajibana ukianza kuvuta. Pitisha mkia nyuma ya kigingi, urudishe ndani ya kitanzi, vuta chini kwa nguvu, bana kwa vidole hapohapo, halafu funga mafundo mawili madogo. La mwisho lifunge kwa mkunjo, ili asubuhi uvute mkia tu lifunguke.

Halafu angalia kamba yenyewe. Nailoni ikilowa inarefuka, kwa hiyo mvua ikianza kaza tena. Katani ikilowa hufupika, hivyo legeza kidogo kabla haijang'oa vigingi.