Mshahara Upo, Akaunti Hakuna

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mwanangu aliondoka Wete kwenda London kwa kibali cha kazi. Benki moja kubwa imekataa kumfungulia akaunti kwa kuwa hana bili ya umeme yenye jina lake, na bili ya nyumba anayoishi na wenzake huja kwa jina la mwenye nyumba. Sasa mshahara wake unaingia katika akaunti ya rafiki. Je, benki ina haki hiyo? – Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mama yetu. Kwanza mwambie aache kupitishia mshahara kwa rafiki, kwani wakikosana, au akaunti ile ikizuiwa, itakuwa kazi kubwa kwake kuthibitisha kuwa fedha zile ni zake.

Tangu mwaka 2016, sheria ya Uingereza inazilazimisha benki kubwa zilizoteuliwa, zikiwemo Barclays, HSBC na Lloyds, kumfungulia akaunti ya msingi mtu anayeishi nchini humo kihalali, hata kama ni mgeni asiye na historia yoyote ya mikopo huko. Akaunti hiyo hupokea mshahara, ina kadi na haina ada ya mwezi. Asichoweza ni kutoa zaidi ya kilichomo. Basi aiombe hiyo hasa, maana mteja asiyeitaja huenda akapimwa kwa masharti ya akaunti ya kawaida.

Ni kweli kwamba benki lazima ihakikishe mteja ni nani na anakaa wapi, kwa sababu ya sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha. Kwetu angekwenda kwa sheha akapewa barua. Huko aulize kama watapokea barua ya mwajiri yenye anwani yake, au mkataba wa kupanga chumba. Naamini benki hizi zinaweza kulegeza zaidi bila kuvunja sheria: Wells Fargo ya Marekani ilianza mwaka 2001 kupokea kitambulisho ambacho balozi ndogo za Mexico huwapa raia wake walioko ugenini, na watu waliokuwa wakiweka akiba majumbani wakapata pa kuiweka.

Akikataliwa tena, adai sababu kwa maandishi na alalamike rasmi kwa benki yenyewe. Wiki nane zikipita bila jibu, au jibu lisipomridhisha, apeleke shauri Financial Ombudsman Service, chombo cha Uingereza kinachoamua malalamiko ya wateja dhidi ya benki, ambako mlalamikaji halipi chochote.

Na siku atakapokutumia fedha kutoka akaunti hiyo, aulize kwanza ni shilingi ngapi zitakazokufikia Wete, kwa sababu mbali na ada, benki hujipatia faida pia katika kiwango cha kubadilishia pauni.