Kwa nini Guzzi? Maswali yenu kuhusu pikipiki ya Mandello

Katika safu iliyopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba pikipiki ninayoendesha huku kaskazini mwa Italia ni Moto Guzzi. Sikutegemea kwamba mstari huo ungeleta maswali mengi kuliko yote niliyoandika kuhusu bima na matairi. Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mzee. Hiyo Guzzi ndiyo ile yenye silinda mbili zilizotokeza ubavuni, moja kushoto moja kulia? Na mbona hapa kwetu Moshi sijawahi kuiona hata moja?

Marahaba. Ndiyo hiyo, ila usiichanganye na BMW. Silinda za BMW zile za pembeni zimelala kabisa, sambamba na barabara. Za Guzzi zimeinuka na kuchora herufi V, zikiachana kwa digrii 90, na vichwa vyake vinachungulia chini ya tangi karibu na magoti yako.

Inatengenezwa Mandello del Lario, mji mdogo ukingoni mwa Ziwa Como, upande wa mashariki. Chanzo chake ni Vita ya Kwanza ya Dunia, ambapo vijana watatu walikutana katika kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Italia. Carlo Guzzi alikuwa fundi, Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli walikuwa marubani. Wakapatana kwamba vita vikiisha watatengeneza pikipiki: Guzzi alete ufundi, Parodi aombe mtaji kwa baba yake, mwenye meli wa Genova, na Ravelli, ambaye tayari alikuwa mwanamashindano, azikimbize. Ravelli akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1919, kabla hata kampuni haijaandikishwa. Wenzake waliifungua mwaka 1921, na yule tai aliyekunjua mbawa kwenye tangi ni kumbukumbu yake.

Kuhusu Moshi, jibu ni fupi. Kwetu pikipiki ni chombo cha kazi, na kazi hiyo inafanywa vizuri na mashine za cc 100 hadi 150 za kutoka India na China. V7, mojawapo ya Guzzi zinazouzwa leo, ina cc 853. Hakuna mfanyabiashara atakayeingiza kontena la pikipiki za namna hiyo ili auze mbili kwa mwaka.

Kaka, nimepiga hesabu na sikuelewi. Kuna Yamaha nyepesi zaidi na yenye nguvu zaidi kuliko hiyo V7 yako. Watu wananunua nini hasa? Jina? (Nairobi)

Hesabu yako iko sawa, sitabishana nayo. V7 ya mwaka 2021 inatoa nguvu za farasi 65 na ikijazwa mafuta ina uzito wa kilo 218. Yamaha MT-07, yenye cc 689 tu, inatoa zaidi ya 70 na uzito wake ni kilo 184 hivi. Ukiendesha zote mbili siku moja, Yamaha itakuacha hoi kwenye kila mteremko na kila kona. Anayekwambia Guzzi ni bora kwa vipimo anakudanganya au anakuuzia.

Wengine wananunua jina, kweli. Wapo wanaotaka kusimama kituo cha mafuta wakaulizwa, "Hii ni ya wapi?" Si dhambi. Lakini raha hiyo huisha haraka, kama ilivyo kwa kila kitu kinachonunuliwa ili kionekane, na watu wa aina hiyo utawakuta wameshaiuza kabla haijamaliza kilomita elfu kumi.

Wanaobaki nayo miaka ishirini wana sababu nyingine, na mimi naamini sababu hiyo iko kwenye mikono kuliko kwenye macho. Nitakuelezea kwa kazi moja tu: kuseti tapeti, yaani kurekebisha ile nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma.

Kwenye pikipiki nyingi za kisasa za silinda mbili au nne, kuzifikia valvu ni shughuli. Utoe kiti, utoe tangi, utoe boksi la filta ya hewa, usogeze nyaya, ndipo uone mfuniko wa hedi (kichwa cha silinda). Ikikutwa kwamba nafasi imebana, mara nyingi inabidi kemshafti, zile shafti zinazofungua valvu, zitolewe zibadilishwe vibamba vidogo vilivyo chini yake. Fundi atakulipisha kwa saa, na saa zitakuwa nyingi.

Kwenye Guzzi kama V7, unasubiri injini ipoe usiku kucha. Asubuhi unachukua kigoda, unakaa ubavuni mwa pikipiki, na hedi iko mbele ya uso wako. Tangi halijaguswa. Unafungua skrubu za mfuniko, oili kidogo inachuruzika (weka kitambaa juu ya ekzosi, maana ikibaki pale itanuka siku nzima), na hapo unaona valvu mbili na roka zake, vile vijimkono vinavyozisukuma. Unaizungusha injini mpaka pistoni ifike juu kabisa huku valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Unapitisha fila geji, kibamba chembamba cha kupimia nafasi, kati ya roka na ncha ya valvu. Ikipita kwa kukwaruza kidogo tu, ni sawa. Ikipwaya au ikikataa kuingia, unalegeza nati, unageuza skrubu kidogo, unakaza, unapima tena, kwa sababu ukikaza nati skrubu nayo hupenda kusogea. Kisha unahamisha kigoda upande wa pili.

Mtu aliyefanya hivyo mara kadhaa haogopi tena mashine yake. Anaijua sauti yake, anajua silinda ipi hulegea kwanza. Hapo hata ukimpa Yamaha bure ataichukua, lakini Guzzi haiuzi.

Ongeza na shafti. Guzzi hizi kubwa hazina cheni; nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofungiwa ndani ya mkono wa chuma, kama propela ya gari. Hakuna kupaka mafuta cheni, hakuna kukaza, hakuna sproketi zilizolika meno. Unabadilisha oili ya difu kwa wakati wake, basi. Kwa anayesafiri safari ndefu kwenye mvua, hilo peke yake linatosha.

Ni kweli ukipiga resi imesimama inaegemea upande kama inataka kuanguka? Rafiki yangu anasema ni kasoro ya kiwanda. (Nairobi pia)

Ni kweli inaegemea, upande wa kulia, na si kasoro. Krankshafti ya injini hii, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imelala kufuata urefu wa pikipiki. Inapoongezewa mwendo ghafla kuelekea upande mmoja, mwili wa pikipiki unasukumwa upande wa pili. Pikipiki nyingi krankshafti yake imekaa mkingamo, kwa hiyo msukumo huo unakwenda mbele na nyuma na hauusikii.

Barabarani utaisahau. Mwambie rafiki yako aipande, apige resi mara moja kwenye taa nyekundu, aone kama hatacheka.

Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat, natafuta Guzzi V85 TT. Injini ya kupozwa kwa hewa itavumilia joto la huku?

Waalaykum salaam. Mwendoni, ndiyo. Hizo silinda zimetokezwa nje kwa sababu hiyo hasa: zote mbili zinapigwa na upepo sawasawa, tofauti na V za aina nyingine ambazo silinda ya nyuma imejificha nyuma ya mwenzake ikala joto peke yake.

Shida ni foleni. Injini ya hewa ikikosa upepo haina feni ya kuisaidia, na ukiwa katikati ya magari mwezi wa sita, jua la zaidi ya digrii 40 likiwa juu na lami inapuliza kutoka chini, utaisikia kwenye magoti kabla hujaisikia kwenye injini. Ukiona msongamano hausogei, zima. Tumia oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki na usiipitishe muda wake; oili ndiyo nusu ya mfumo wa kupoza hapa.

Ikiwa safari zako ni za alfajiri kuelekea Nizwa na milimani, V85 itakufaa, na tangi lake la lita 23 utalishukuru. Ikiwa ni ya kwendea kazini mjini kila siku, angalia V100 Mandello. Hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, ndiyo Guzzi ya kwanza ya V kubwa kupozwa kwa maji. Wazee wa Guzzi waliinung'unikia sana ilipotoka. Wengi wao hawaishi Muscat.

Nilidhani kampuni hiyo ilishakufa.

Imekaribia mara kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa mikononi mwa wasimamizi baada ya kufilisika, mwaka 1973 ikawa chini ya Alejandro de Tomaso, Muargentina wa magari ya michezo, mwaka 2000 ikanunuliwa na Aprilia, kampuni nyingine ya pikipiki ya Italia, na mwaka 2004 ikaingia Piaggio pamoja na Aprilia yenyewe. Piaggio unawajua hata kama hujui kwamba unawajua: ndio wa Vespa, na ndio wa tuktuk nyingi zinazozunguka Mombasa.

Katika kuhama huko kote, kiwanda hakikuhama Mandello. Hilo lina uzito kwa wapenzi wake kuliko jina la mwenye hisa. Wanasafiri kutoka Norway, kutoka Ureno, wafike tu wapige picha mbele ya lango jekundu la kiwanda. Ndani yake kuna jumba la makumbusho, na kuna handaki la upepo lililojengwa mwaka 1950, ambamo pikipiki nzima na mwendeshaji wake waliwekwa mbele ya feni kubwa kupimwa namna zinavyokata hewa. Wakati huo watengenezaji wengine wa pikipiki walikuwa bado wanakisia. Miaka mitano baadaye wakatoa pikipiki ya mashindano yenye silinda nane ndani ya cc 499, ikafika kasi ya zaidi ya kilomita 270 kwa saa, kwa matairi na breki za zama zile! Mwaka 1957 wakajitoa kwenye mashindano kwa sababu ya gharama, na waendeshaji wake, nadhani, wakalala usingizi.

Injini ya V ninayoisifu ilikuja baadaye. Ilibuniwa na mhandisi Giulio Cesare Carcano, na V7 ya kwanza, ya cc 703, ikaanza kuuzwa mwaka 1967. Polisi wa Italia walitaka pikipiki imara isiyohitaji matengenezo ya mara kwa mara, na haikuchukua muda polisi wa Los Angeles nao wakaanza kuzinunua. Kwa hiyo hii unayoiita ya ajabu ilizaliwa kuwa chombo cha kazi.

Jambo moja la mafundi, kwa wanaopenda ubishi: V7 ya leo haikutoka kwenye injini ile ya Carcano. Inatokana na injini ndogo ya mhandisi Lino Tonti ya miaka ya 1970, ile ya Guzzi ndogo za V35 na V50. Jina limerudi, damu ni ya binamu.

Inafaa bodaboda?

Hapana. Mafuta, spea, uzito, bei. Hapana.

Habari za huko. Nipo Hamburg, nimepata Guzzi Griso 1200 ya mwaka 2010, bei nzuri mno. Nikague nini?

Salama. Bei nzuri mno ndiyo inayonitia wasiwasi. Griso hiyo ina injini ya valvu nne kwa kila silinda, na zile za miaka hiyo zilitoka na tapeti bapa (hapa tapeti ni vile vipande vinavyosukumwa na kemshafti) zilizopakwa utando mgumu. Utando ukibanduka, tapeti inaanza kuitafuna kemshafti, na vumbi la chuma linasafiri na oili. Kiwanda baadaye kilihamia kwenye tapeti za roli, zenye kigurudumu kidogo, na kikatoa vifaa vya kubadilishia zile za zamani.

Kwa hiyo kabla hujaangalia rangi, muulize muuzaji: imeshawekwa roli? Akisema ndiyo, aonyeshe karatasi ya karakana. Neno lake peke yake halitoshi. Akisema haijui kazi hiyo, basi bei nzuri imeshajieleza. Punguza gharama yote ya kazi hiyo kwenye bei, au achana nayo. Ikiwa imewekwa, na kemshafti zilibadilishwa pamoja nazo, umepata pikipiki nzuri kweli. Spea usihofu, Ujerumani ni miongoni mwa nchi rahisi kuzipata, hata za Guzzi za miaka ya 1970.

Halafu iwashe ikiwa baridi. Ukifika ukakuta ameshaipasha moto "ili usisubiri", mshukuru, kunywa chai, subiri ipoe.

Mume wangu anataka kuuza gari anunue V7, kisa safu yako. Tuna watoto wawili. Nimwambie nini? (Mombasa)

Dada, mwambie nimesema asiuze gari. Kwanza hakuna atakayemfanyia matengenezo hapo isipokuwa yeye mwenyewe, na kila spea ataiagiza nje, ailipie usafiri na ushuru, aisubiri. Anayetegemea pikipiki kumfikisha kazini Jumatatu hawezi kusubiri gasketi ya mfuniko wa hedi mpaka mwezi ujao.

Kama gari linabaki na pesa ipo, hilo ni jingine. Mpe sharti moja: kabla hajanunua, aseti tapeti za pikipiki aliyonayo sasa, au ya jirani, peke yake, bila kumwita fundi. Akiona ni karaha, safari yake ya Guzzi imeishia hapo na mmeokoa fedha. Akija mezani na oili kwenye kucha huku anakueleza kuhusu roka, naona itabidi mkae mzungumze bajeti.