Oveni ya mezani au jiko kubwa?

SWALI: Salamu aleikum. Nakaa nyumba ya kupanga huku Tudor, nauza keki na mkate wa mayai. Ramadhani oda hufika keki nne kwa siku, na nimechoka kupalia makaa juu ya sufuria. Nichukue oveni ya mezani ya lita 45 au jiko kubwa la stima lenye oveni chini?
Mwokaji, Tudor

JIBU: Waaleikum salamu dada. Kabla ya oveni, tazama ukuta. Oveni ya mezani hula wati 1,500 hadi 2,000. Soketi ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba kama wati 3,100, basi inatosha, mradi uichomeke ukutani moja kwa moja. Kwenye ekstensheni nyembamba plagi hupata moto hadi ikayeyuka. Jiko kubwa lenye pleti nne na oveni lataka waya wake pekee kutoka boksi la fyuzi, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba, na swichi yake ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na siku ukihama waya huuachi kwake? Chukua ya mezani.

Ila lita zisikughuri. Nenda dukani na mkebe wako na futi ya kupimia, upime ndani. Mikebe miwili ya inchi 8 sambamba yataka sentimita 46 hivi za upana, maana hewa moto sharti ipite kati na kando. Oveni nyingi za lita 45 hazifiki hapo. Kwa hiyo utaoka moja moja, dakika 45 hadi 50 kila keki: nne ni zaidi ya saa tatu. Usikoroge zote pamoja. Mchanganyiko ukingoja, hewa hutoka na keki hutoka bapa. Anza wa pili ile ya kwanza ikibakisha dakika kumi.

Tatizo utakalokutana nalo ni keki kuungua juu na ndani mbichi, kwa kuwa koili ya juu iko karibu mno. Weka wavu ngazi ya chini, punguza digrii 10 hadi 20, na baada ya dakika 25 ifunike foili bila kuibana. Kabla ya hapo mlango usiuguse.

SWALI: Na oveni ya gesi je, stima ikikatika?
Huyo huyo

JIBU: Itaendelea kuoka, ukiiwasha kwa kiberiti. Lakini moto wake uko chini, hivyo mkate wa mayai huiva ukabaki mweupe juu. Washa grili, yaani moto wa juu, dakika mbili tatu za mwisho, ukiutazama. Vifundo vingi havina digrii, kwa hiyo nunua kipimajoto cha kutundika ndani. Na usichukue isiyo na valvu ya kukata gesi moto ukizimika.