Mwenzetu wa kijiweni kafiwa na mke, tumsaidieje?

Mkuu, nimekusoma. Mwenzenu mnayekunywa naye supu kila asubuhi kafiwa na mke, arobaini imeshasomwa, sasa anakuja, anakaa, anabakiza nusu bakuli na kuondoka bila kuaga. Wachangiaji wa juu wanasema mchangishane. Sawa, ila naona hapo mmeshavuka. Msibani kila mtu anajua kazi yake: kuna wa turubai, wa viti, wa kuosha masufuria, wa kukusanya rambirambi. Kazi ngumu inaanza turubai likishashushwa na ndugu wa mkoani wakishapanda basi.

Mimi nakula kwa mama ntilie mmoja Buguruni, jirani na sokoni. Pale tuko mchanganyiko: bodaboda, makuli, wauza nyanya, vijana wa gereji, na mwalimu mmoja mstaafu. Hatuna katiba wala mwenyekiti. Tuna daftari la mama la madeni, lile la chapati mbili na maharage, "atalipa Ijumaa". Kurasa za nyuma za daftari hilohilo ndiko zinakoandikwa rambirambi. Utakuta huyu elfu mbili, yule elfu tano, mwingine sukari kilo mbili. Asiye na kitu akaenda kuchimba kaburi, naye anaandikwa, tena juu kabisa. Mama ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Fundi viatu wetu alifiwa na mkewe, akaachiwa watoto watatu. Aliporudi kijiweni alikuwa kama huyo wa kwenu, yupo na hayupo. Mama hakumuuliza chochote. Alimwekea chai ya tangawizi na chapati pale anapokaa siku zote, na jioni alipopita kwenda nyumbani akamkabidhi hotipoti: "Hii ya watoto." Kesho yake binti mkubwa akalirudisha limeoshwa. Basi ikawa ndiyo kawaida, na kwa njia hiyo mama akawa anajua kila kinachoendelea kule ndani. Hotipoti likirudi na wali umebaki, anamuuliza binti nani anaumwa. Binti akilileta saa za shule, anamuuliza kulikoni leo hayuko darasani. Siku moja jibu likawa gesi imeisha na baba hajasema. Jioni mtungi ukafika, na fundi hakulazimika kumwomba mtu.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo: angalieni nyumbani kwake kukoje. Mwanaume aliyezoea kupikiwa, akifiwa anaweza kuwa anakula hapo kijiweni tu, na watoto wanashindia vitumbua. Aibu haimruhusu kusema.

La pili ni mazungumzo. Sisi wanaume tuna ugonjwa wa "jikaze". Kila mtu anampiga bega, "jikaze mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa", halafu tunarukia Simba na Yanga. Aliyemfungua fundi wetu ni yule mwalimu, naye ni mgane wa miaka mingi. Hakumpa nasaha. Alikaa naye tu, akawa anamtaja mke wake mwenyewe kwenye vitu vidogo: alivyokuwa anaficha chumvi, alivyokuwa hataki mtu ale nje. Fundi alicheka. Baada ya muda naye akaanza, "wangu naye bwana…" Akaongea mpaka chai ikapoa, akalia mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Msiogope kumtaja marehemu. Watu wanadhani wanamtonesha kidonda, kumbe linalomuuma zaidi ni kuona jina limekatazwa.

La tatu watu hulisahau: makaratasi. Marehemu mke wa fundi alikuwa na kibanda cha mboga, na hisa kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Wengi wetu tunaamini mirathi ni ya wenye nyumba. Kikundi kilimtaka fundi barua ya msimamizi wa mirathi, naye alikuwa na kibali cha mazishi tu, ambacho si cheti cha kifo. Mwalimu akamwongoza: cheti cha kifo RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa, kisha Mahakama ya Mwanzo. Bodaboda walimpeleka kwa zamu bila nauli. Kwa mtu mwenye majonzi, foleni ya ofisini peke yake inaweza kumkatisha tamaa kabisa, hivyo mtu wa kwenda naye ana thamani kuliko noti ya elfu kumi.

Msifanye haya: kumnunulia pombe "asahau", na kumtafutia mke. Pale kwetu kuna bwana alikuja na picha za shemeji yake kwenye simu hata kaburi halijakauka. Mama alimwambia leo hapati chakula, na kweli hakupata.

Angekuwa ni mama aliyefiwa na mume, na ni Muislamu, angekuwa ndani ya eda miezi minne na siku kumi, kwa hiyo hapo kijiweni msingemwona. Chakula na habari ndivyo vingemfuata, na waende wanawake wenzake.

Jambo moja si la kijiwe: mkiona halali usiku, anadhoofu, au anatamka kwamba haoni sababu ya kuishi, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na mkiwa mkoani anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa. Asiende peke yake.

Kuhusu hiyo nusu bakuli, ongeeni na anayepakua ampimie kidogo tangu mwanzo, ili asihisi mnamhesabia anachobakiza. Na msimwitie kikao, atakimbia. Chagueni mmoja tu, yule aliyemzoea zaidi, atoke naye anapoinuka na kumsindikiza hadi kazini, hata kama njia nzima hawasemi neno. Mpeni mwezi hivi, halafu ulete mrejesho hapa.